Mtoa Herufi wa Mtoni

Siku ya kwanza nilipomwona akilimwagia gari maji ya moto kwa birika la chai, nilidhani jirani yangu mpya amerukwa na akili. Dirisha la jiko langu linatazama uwanja wake moja kwa moja, na mimi sikuona haya kutazama. Mwalimu wa skuli akishazoea kuchungulia madaftari ya watoto, huchungulia kila kitu. Nikamwona anamimina polepole juu ya herufi za fedha zilizobandikwa nyuma ya gari, anaweka birika chini, anatoa mfukoni kipande cha mshipi wa kuvulia samaki na kuzungushia ncha zake vidoleni. Kisha akaupitisha mshipi nyuma ya herufi na kuuvuta huku na huku, taratibu, kama mtu anayekata sabuni ya mche kwa uzi. Herufi ya kwanza ikamwangukia kiganjani. Akaitia kwenye mfuko wa shati, akaendelea na ya pili.

Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Alikuwa fundi wa bodi, ananyoosha mabati yaliyobonyea na kupiga rangi, na mafundi wa namna hiyo wamejaa barabara nzima ya Bububu. Lakini kutoa nembo na herufi bila kuacha hata mkwaruzo, hapo alikuwa peke yake. Watu walimletea magari kutoka mjini, kutoka Chukwani, hata kutoka Nungwi. Sisi majirani tulimwita Fundi tu, na mimi aliniita Mwalimu, ingawa jina langu alilijua vizuri. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa. Miaka minne ya mwisho sikumwamkia, na hilo nitalieleza.

Utauliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini mtu anunue gari kisha alivue jina lake. Sababu zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Vijana walisema gari likiwa tupu nyuma linapendeza. Mwongozaji mmoja wa wageni kule Jozani alinunua basi dogo la hoteli iliyofungwa, akachoka kusimamishwa na watu wanaouliza vyumba. Na kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mji Mkongwe, ana gari la fahari, ambaye alitaka herufi zote zitoke kwa kuogopa husda. Fundi alizitoa. Ijumaa iliyofuata mfanyabiashara yule aliliegesha gari mbele ya msikiti, kizingitini kabisa, mpaka watu wakapita kwa ubavu.

"Kaficha jina, kaacha gari," Fundi akaniambia, na kwa wiki nzima kila akiniona dirishani alicheka peke yake.

Walikuja pia watu wa aina nyengine, wenye vigari vya injini ndogo, wakitaka herufi zao zitolewe na zibandikwe za gari kubwa. Nusu ya kwanza ya kazi aliifanya. Nusu ya pili aliikataa. "Kutoa nnatoa," alisema. "Kulisemea bati uongo, hapana." Maneno mazuri. Lakini mtu huyohuyo alimwambia binti yake kila siku kwa simu kwamba chai anakunywa kavu, bila sukari, kwa ajili ya maradhi yake ya kisukari, nami dirishani nikihesabu vijiko vya sukari: viwili, vitatu, vinne. Siku moja nilipomkabili akasema kwamba binti aliuliza kuhusu chai ya asubuhi, na ile ilikuwa ya saa nne.

Ilinichukua miaka mitatu kugundua kwamba herufi alizokuwa akizitoa hakuwa akizisoma. Alisoma Kurani vizuri sana, na barua za hati ya Kiarabu alimsomea yeyote aliyemletea. Hizi zetu za skuli hakuzijua. Alizijua kwa miili yao tu. S, aliniambia, ina matumbo mawili na yote hushika gundi. I huteleza. O ni mbaya kuliko zote, maji ya moto hayapiti katikati. Nilijitolea kumfundisha barazani kwangu baada ya alasiri, akaja siku mbili, ya tatu hakuonekana. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, niwache hivihivi. Nikijua zinasema nini, mkono utakuwa mzito."

Nilikasirika. Nimekula miaka yangu yote kwenye kusomesha, halafu mtu mzima ananiambia hataki kwa sababu anaogopa kuelewa. Nikamwambia ujinga si chombo cha kazi. Akaitikia, "Naam, Mwalimu," kwa adabu kubwa, na kesho yake akaja na nyundo akanitengenezea bawaba ya mlango iliyokuwa ikilia tangu mama yangu yuko hai.

Nembo ikishatoka, gundi hubaki kwenye rangi, nyeusi na yenye kunata. Hapo ndipo mafundi wengine huharibu, kwani huikwangua. Yeye aliipaka mafuta ya nazi, akaiacha ilainike, akaisukuma kwa dole gumba mpaka ikajiviringa vijipira vidogo. Halafu alifumba macho. Ndiyo, alifumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya bati, mara mbili, mara tatu, akitafuta kilichobaki. Alisema jicho hudanganywa na mng'aro na kidole hakidanganyiki. Mwisho wa yote kilibaki kile alichokiita kivuli, kwa sababu rangi iliyokuwa chini ya herufi haikupigwa na jua na ilikuwa changa kuliko ya pembeni yake. Kivuli hicho alikisugua kwa msasa laini wa maji, kisha polishi, kisha msasa tena, hata kama ni kutwa nzima. Gari halikutoka uwanjani kwake na kivuli.

Chombo alichokichukia duniani ni bisibisi. Kuna watu hubandua nembo kwa kuichokonoa kwa bisibisi, na magari yao, yakishachubuka, huletwa kwake kama wagonjwa waliopitia kwa mganga wa uongo. Neno lenyewe likawa tusi lake. Mtu yeyote wa papara alikuwa bisibisi. Mkwewe alikuwa bisibisi. Mvua ya vuli ilikuwa bisibisi. Siku nilipomfokea mtoto wa jirani kwa kuvunja chungu changu cha maua, sauti ilipanda kutoka ng'ambo ya ukuta: "Bisibisi, Mwalimu! Bisibisi!" Niliona haya kwa sababu ni kweli, na nikafunga dirisha.

Alikuwa na kanuni moja iliyowatia wazimu wateja wake. Kabla ya kugusa herufi aliuliza nani kaiweka na kama mwenyewe anajua inatoka. Chanzo cha kanuni hiyo ni gari la wizi. Zamani, kabla ya kuhamia Mtoni, aliletewa gari na mtu mwenye heshima zake, akatoa nembo zote, na siku ya pili akachukuliwa yeye kuhojiwa. Walimwachia baada ya siku mbili, lakini alitoka na tabia ya kuuliza, na tabia hiyo ikakua mpaka ikapita mipaka ya wizi. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema, na alilisema mbele ya watu waliokuwa na haraka ya kufa mtu.

Kuna ndugu wawili walimletea gari la mizigo ambalo marehemu baba yao alilipachika jina la mkewe, mama yao, kwa herufi kubwa za bati. Walitaka kuliuza, na mnunuzi hakutaka jina la mama wa watu. Fundi akauliza, mama yuko hai? Wakasema yuko hai, anakaa Makunduchi. Anajua? Wakatazamana. Fundi akaosha mikono, akavaa kanzu, akaenda Makunduchi. Nusu ya kisiwa, kwa ajili ya herufi sita! Aliporudi jioni alinisimulia ukutani, machozi ya kicheko yakimtoka. Bi mkubwa yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Toeni, baba, toeni. Mie sikuomba kubandikwa huko nyuma nikala vumbi miaka ishirini. Mwenyewe kanifanyia mahaba, nkanyamaza."

Lakini usije ukamfanya walii. Mtu huyo asiyegusa herufi bila idhini aliiba kete za bao mchana kweupe. Ukimkamata mkono, alisema hii si mali, huu ni mchezo. Alikuwa bahili wa maneno ya pole. Mama yangu alipofariki alikuja akakaa barazani saa tatu nzima bila kusema kitu, akaondoka. Na alikuwa na ukaidi wa kutisha. Mkewe, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia kwamba kuishi na mtu anayeuliza kila kitu kunachosha kama kuishi na asiyeuliza chochote. Nilicheka. Siku hizo nilikuwa na mume na mambo mengi yalinichekesha.

Sasa nije kwenye jina langu.

Tulipooana, mume wangu alihamia nyumbani kwetu, nyumba ya mama. Baadaye akanunua gari dogo la Kijapani lililokwishatumika, rangi ya damu ya mzee. Akampelekea Fundi atoe herufi za kiwandani nyuma na badala yake abandike jina langu, kwa herufi za fedha alizozinunua Darajani. ZAKIA. Tulikuwa vijana, na huo ndio ulikuwa ushamba wetu. Fundi hakuanza kazi. Alikuja mpaka barazani, mikono nyuma.

"Mwalimu, bwana anataka kukubandika nyuma ya gari. Umeridhia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Nimeridhia, Fundi. Mradi usinipinde."

"Sikupindi."

Na hakunipinda. Alinyoosha uzi, akapiga chaki, akashinda kutwa nzima juu ya herufi tano. Kwa miaka kumi na moja nilizunguka Unguja hivyo. Wanafunzi wangu waliniambia, "Mwalimu, jana tumekuona Kiembesamaki," na kumbe wameliona gari. Watu wasionijua uso walinijua jina. Nilijifanya linanikera. Lilinipendeza sana.

Talaka yangu ililetwa kwa karatasi, na karatasi ililetwa na mdogo wa mume wangu, kwa sababu mwenyewe alikuwa na shughuli siku hiyo. Sababu zake ni zake, mimi sikuambiwa. Kulikuwa na mwanamke mwengine, hilo nililijua kabla ya karatasi na sikulisema. Mdogo wake alisimama mlangoni akitazama vidole vyake vya miguu, nami nikamwambia ahsante, kama vile ameleta mualiko wa harusi. Nikaingia ndani nikasahihisha madaftari ya darasa la tano. Yalikuwa ya hesabu. Sikukosea hata alama moja.

Nikakaa eda. Sikulia. Wapo waliosema nina moyo wa jiwe, wengine wakasema nina imani. Sikuwa na kimoja kati ya hivyo. Nilikuwa na ganzi, kama ya mguu ulioukalia muda mrefu, unajua ni wako kwa sababu unauona. Nilipika, nikala, nikaswali, nikafagia. Shangazi alikuja na udi akaufukiza nyumba nzima, na sikusikia harufu yake.

Eda ilipokwisha nikarudi kazini. Siku ya pili au ya tatu, natembea ukingoni mwa barabara na mkoba wangu, gari lile likanipita. Nyuma lilikuwa tupu. Herufi zangu zimetoka, bila mkwaruzo hata mmoja. Lakini rangi ya damu ya mzee ilikuwa imechuja kwa jua la miaka kumi na moja, na pale palipokuwa na herufi ilikuwa bado mbichi na nzito, kama siku ile ya kwanza. ZAKIA. Kwa kivuli. Nilikuwa nimetolewa na bado nasomeka, na gari zima la mchanga lililokuwa nyuma yake lilikuwa na watu juu, wanasoma.

Sikuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Kisiwa kizima kina mtu mmoja anayetoa herufi hivyo. Nikasema moyoni kwamba hakuniuliza. Mtu aliyevaa kanzu akaenda mpaka Makunduchi kumuuliza mama wa watu, hakuweza kupiga hatua ishirini kuniuliza mimi. Mume hakuniuliza, hiyo ndiyo talaka, talaka haimuulizi mtu. Lakini huyu alikuwa na kanuni, na kanuni ikafika kwangu ikakoma. Na juu ya hayo, kivuli hakukisugua! Kazi mbovu pekee aliyowahi kuitoa uwanjani kwake ilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo sikumwamkia. Salamu ya Mungu sikuweza kumnyima, nilimpa, "Asalaam aleikum," nikapita. Lakini shikamoo ilikuwa yangu, na nikaiweka. Yeye aliendelea na yake. "Mwalimu, umeamkaje?" "Salama." "Mwalimu, umeshindaje?" "Salama." Alipaza sauti kila mwaka unavyokwenda, labda akidhani nimeanza uziwi. Hakuuliza kuna nini. Nami nikasema, unaona, ndivyo alivyo, kuuliza ameacha kabisa. Miaka minne ni mingi kumkasirikia mtu unayemsikia akikohoa. Lakini sikuisikia hata hasira yenyewe sana. Ilikuwa pale tu, kama kabati.

Jambo moja la miaka hiyo naliandika kwa sababu nisipoliandika nitakuwa nimejipamba. Asubuhi moja nilikuwa jikoni, nikamwona analimwagia gari jeupe maji ya moto. Mkono wa kushoto alikuwa ameuweka chini ya herufi, kuipokea. Birika likayumba na maji yakawa yanamwagikia mkono wake, yote, mvuke unapanda. Hakuutoa. Alikuwa akitazama herufi, anangoja ilegee, na maji yanachemsha mkono wake naye hajui. Sukari ilikuwa imekwishamla vidole. Ngozi ilikuwa haisikii tena. Nilisimama pale na kijiko mkononi. Mdomo ulifunguka. Sikupiga kelele. Alijua alipoona ngozi inabadilika, akaitazama kama anavyotazama gundi, akaenda kuuosha.

Baada ya hapo magari yalianza kutoka uwanjani kwake na mabaki ya gundi. Aliendelea kufumba macho na kupapasa, lakini vidole havikumwambia kitu, na jicho lilidanganywa na mng'aro kama alivyosema mwenyewe. Wateja walikuja, wakatazama, wakasema ahsante kwa sauti ya chini, hawakurudi. Kisha binti yake akaja akamchukua, akampeleka kwake Chukwani. Uwanja ukabaki na birika tu, juu ya tofali.

Ilipita miezi. Siku moja binti akanipigia simu. "Bi Zakia, mzee anakuulizia. Kila siku anakuulizia. Njoo basi, khalati, hali yake si nzuri."

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Nilijiambia nakwenda kutoa radhi, kwa sababu mgonjwa hukombolewa na radhi za watu na mimi si mtu wa kumzuia mtu njiani. Nilijiona mkubwa sana. Alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mguu mmoja umefungwa, amepungua mpaka kanzu imekuwa ya mtu mwengine. Binti alitoka kwenda kuweka chai. Nami nilipokuwa mlangoni sijui ilitokaje, ilitoka tu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu." Akafumba macho, akafumbua. "Miaka minne. Nilikuwa nnaihisabu."

Nikakaa kwenye kiti. Nikamuuliza khabari za dawa, akanijibu. Nikamuuliza khabari za usingizi, akanikatiza.

"Mwalimu, mie nnakwenda. Usinambie sivyo, wote wananambia sivyo. Nataka nijue kitu kimoja tu. Nlikukosea nini?"

"Unajua, Fundi."

"Wallahi sijui. Nshafikiri mpaka nshachoka. Kama ni vumbi la msasa, kama ni kelele, nambie."

"Jina langu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, kavu. "Ulikwenda Makunduchi kumuuliza bibi wa watu. Mimi jirani wa ukuta kwa ukuta. Hukuniuliza."

Alinitazama usoni. Hakuonekana kuaibika, na hilo lilinikera.

"Nlikuuliza," akasema.

"Lini?"

"Siku ileile ya kuzitoa. Gari ililetwa asubuhi. Nkamwambia bwana aiwache, ende zake, nna neno la kuuliza kwanza. Nkaja mlangoni kwako kabla ya adhuhuri. Nkapiga hodi. Nkasema, Mwalimu, ni mie Fundi, nna suala. Kimya. Nkapiga ya pili. Nkapiga ya tatu. Ya nne mtu hapigi, unajua mwenyewe. Viatu vyako viko nje, nkasema basi yumo. Nkasimama kidogo, nkarudi." Akapumua. "Nkawaza, bibi harusi akiulizwa akanyamaza, huandikwa kuwa karidhia. Na huyu kanyamaza. Nkazitoa. Kusugua kile kivuli nkashindwa, Mwalimu. Nkamwambia bwana kikasuguliwe kwengine."

Nje binti alikuwa akiita kuku.

"Lakini ulipoacha kuniamkia nkaanza kuona shaka," akaendelea. "Nkasema, labda alikuwa kalala. Watu wa eda hulala, mwili unachoka. Kama ulikuwa umelala, basi sikuuliza. Nlipiga hodi kwa ukuta, nkatoa kitu cha mtu bila ya idhini. Na nnakwenda nalo hilo. Kwa hiyo nambie tu. Ulikuwa umelala?"

Uso wake ulikuwa umetulia, lakini mkono wake wenye kovu ulikuwa ukikusanya shuka na kuiachia. Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema nilikuwa nimelala, nikamwambia nimekusamehe, nikanywa chai nikaondoka na haki yangu yote.

Nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi, na dirisha lilikuwa wazi kama kawaida. Gari nililiona tangu asubuhi, limeegeshwa uwanjani kwake, jina langu linatazama dirisha langu. Niliisikia hodi ya kwanza na niliijua sauti. Nilijua na suala lenyewe. Nikiitika ningelazimika kusema toa, au kusema usitoe, na neno lolote kati ya hayo mawili lingenifanya nijue kwamba nimeachwa. Nikakaa na kifuu mkononi mpaka hatua zake zikaondoka. Halafu nikamaliza kukuna. Yote hayo nilikuwa nayo, siku zote, na sikuwahi kuyagusa. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia, na aliyeniacha alikuwa mbali na sikuthubutu. Fundi alikuwa karibu, na ni mpole.

"Sikulala," nikasema. "Nlikusikia."

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Na nlijua ni wewe, na gari nliiona."

Nilingoja anikasirikie. Ningefurahi angenikasirikia, angeniita bisibisi, angesema chochote. Lakini mkono uliacha shuka. Akageuza kichwa, akatazama dari, na uso wote ukamlegea.

"Basi nliuliza," akasema. "Alhamdulillah. Nliuliza."

"Uliuliza, Fundi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, Mwalimu? Ulinijibu." Akafumba macho, na binti alipoleta chai alikuwa keshalala. Nilikaa naye mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, nikaaga.

Nilifika Mtoni alasiri. Niliweka mkoba, nikafungua madirisha, nikabandika sufuria ya wali. Sikuwa tena na mtu wa kumkasirikia. Nikasimama jikoni nikiungojea wali uive, na hapo ndipo nilipomlilia mume wangu, kwa sauti, miaka minne baada ya kuachwa.